Jibu: Hilux inayoumiza mgongo Dar hadi Mbeya

Mkuu, umeuliza ubadilishe kiti kizima au la. Usikimbilie huko, mara nyingi kilichokufa ni sponji ya kukalia. Bonyeza katikati kwa ngumi: ukigusa springi, mpelekee fundi wa viti aweke sponji nzito. Ile laini ya makochi ni starehe ya wiki chache tu, kisha inalala. Kiti kinatoka kwa bolti nne, kwa kawaida spana namba 14. Ukiona waya wa njano chini yake, huo ni wa eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka ajalini): chomoa kwanza waya wa hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90.

Kisha ukaaji. Klachi ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo. Mgongo ukiwa umeegemea, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani. Kunja taulo, liweke usawa wa mkanda wa suruali, na pochi itoke mfuko wa nyuma. Inapindisha nyonga siku nzima.

Kelele: bandika shiti za butili (mpira mzito wa kunata unaozuia mtetemo) ndani ya milango na sakafuni. Robo ya eneo la bati inatosha kuua mtetemo. Chini ya kapeti usiweke sponji ya kawaida, inanyonya maji na bati linaoza. Matundu ya kutolea maji mlangoni yaache wazi.

Na upepo wa matairi! Bodi ya nyuma ikiwa haina mzigo, fuata kipimo cha kibandiko cha mlangoni. Ukiacha upepo wa kubebea mzigo, gari litarukaruka tu.