Re: Kwa nini duka langu la Fallout linaonekana kama makumbusho?

Mkuu, umesema duka ulilojenga kwa modi (nyongeza ya mashabiki) ya gemu la Fallout 4 limekaa kama makumbusho, ilhali magari, redio na mabango yote ni ya Marekani ya miaka ya 1950. Tatizo ndilo hilo: yote ni ya miaka ya 1950. Vita vya nyuklia vya kwenye gemu vinapigwa 23 Oktoba 2077. Unachojenga ni 2077 kama alivyoiota mtu wa 1955, halafu unaiacha ioze miaka mia mbili.

Anza na umeme. Kwetu transista, kile kifaa kidogo cha kuongoza umeme, ilizaliwa 1947, vifaa vikaanza kusinyaa. Kwenye dunia ya gemu ilichelewa mno, valvu za kioo zikaendelea kutawala huku nyuklia ikiingia hadi kwenye gari. Ndiyo maana roboti anakuhudumia nyumbani lakini kompyuta inaonyesha maandishi ya rangi moja. Basi kila kifaa kipe unene: matundu ya kutolea joto, swichi za kuzungusha, nyaya nene. Skrini bapa moja tu inaharibu chumba kizima. Gia za shaba achana nazo, hizo ni za ndoto za enzi ya mvuke.

Gari lichukue mapezi ya nyuma ya Cadillac ya 1959, ila usinakili bodi nzima. Sogeza uzito nyuma, weka kifuniko cha kinu cha nyuklia chenye mapezi ya kupoza.

Sasa kutu, hapa ndipo wengi wanapoanguka: teksicha (picha ya uso wa kitu) moja inapakwa kila mahali. Chuma ndicho kinachotoa kutu ya rangi ya chungwa. Alumini hufifia ikawa kijivu chenye unga mweupe. Kromu huanza na vidoa vidogo, kisha hubanduka na chuma cha chini yake ndicho kinachooza. Anzia maji yanapotuama, yaani chini ya milango, kwenye maungio na kuzunguka bolti, kisha vuta michirizi kwenda chini. Kwenye Blender, programu ya kuunda vitu vya 3D, kutu iwe metaliki (kiwango cha uchuma) 0, rafunesi (ukwaruzo wa uso) 0.8 hadi 0.9. Ukisahau ukaiacha metaliki 1, inang'aa kama sufuria ya shaba.

Acha theluthi hivi ya rangi, hasa sehemu zisizopigwa jua. Kihalisia miaka 200 isingebakiza kitu, lakini kejeli yote ya Fallout iko kwenye bango la familia inayotabasamu juu ya mifupa. Chana kingo za bango, nyuso usiziguse.

Kijani cha maandishi ya kompyuta usiweke 0,255,0 (yaani nyekundu, kijani, buluu), kinaumiza macho na hakifanani. Fallout 3 inatumia 26,255,128. Fallout: New Vegas ni kaharabu, yaani njano ya kuelekea chungwa, 255,182,66. Na nyuma ya maandishi usiweke nyeusi tupu, kwa sababu kioo cha televisheni ya zamani ni kijivu hata kikiwa kimezimwa. Jaribu 8,16,12, kisha mwanga uvuje kwenye herufi tu.