Kwa Mabwana Shamba Wapya wa Kusini: Yajueni Maisha ya Virusi Kabla ya Kumshauri Mkulima wa Muhogo

Kila mvua za kwanza zinapokaribia, ofisi za kilimo za Mtwara na Lindi hupokea vijana wapya, wengine wakiwa wameajiriwa na wengine wakiwa wamekuja field, na kila mwaka nawasikia wakimwambia mkulima maneno yale yale: kwamba muhogo wake una wadudu waitwao virusi, na kwamba akienda duka la pembejeo atapata dawa ya kupulizia. Nawapenda vijana hawa, kwa kuwa wanakubali kutembea juani hadi mashamba ambayo pikipiki haifiki, lakini kosa hili siwezi tena kulinyamazia. Mkulima anayenunua dawa isiyofanya kazi hapotezi fedha peke yake. Hupoteza msimu mzima akisubiri shamba lipone, na wakati huo huo jirani yake anakuja kuomba pingili, vile vipande vya shina vinavyotumika kama mbegu.

Sitaeleza shamba darasa ni nini, wala namna ya kukata pingili, kwa sababu hayo mmefundishwa. Nitaeleza kile ambacho naona mlikikariri kwa ajili ya mtihani na kukiacha chumba cha mtihani.

1. Kirusi si kuvu, si bakteria, wala si mdudu.

Kosa hili lina chanzo chake hapa kwetu. Tumekulia kwenye korosho, na kwenye korosho adui tunayemfahamu ni ubwiriunga, ambao tunaupiga kwa salfa na majibu tunayaona. Ubwiriunga husababishwa na kuvu, yaani kiumbe chenye seli zake, kinachojitengenezea nguvu na kukua juu ya majani machanga na maua. Salfa inakuta uhai wa kuushambulia. Kirusi hakina seli. Hakipumui, hakili, hakikui. Kikiwa nje ya seli ni maelekezo ya urithi tu, ya RNA au ya DNA, yaliyofungwa ndani ya ganda la protini, na baadhi ya virusi huongezewa utando wa mafuta juu yake. Hakuna unachoweza kukipulizia kirusi kilichomo ndani ya muhogo kikafa na muhogo ukabaki, kwa sababu kazi zote zinazokizalisha ni kazi za muhogo wenyewe.

Wataalamu wa kwanza walilitambua jambo hili kwa shida. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky alichuja utomvu wa tumbaku yenye ugonjwa kwa chujio lililozuia bakteria, akakuta utomvu uliochujwa bado unaambukiza. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck alirudia kazi hiyo na kuonyesha kwamba kitu hicho kinaongezeka ndani ya seli hai tu. Mwaka 1935 Wendell Stanley akakifanya kirusi cha tumbaku kuwa fuwele, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa kuvu wala kwa kiwavi. Virusi vingi vina kipenyo cha kati ya nanomita 20 na 300, na ndiyo maana hadubini ya kawaida ya shuleni haitawaonyesha kitu hata mkikodoa macho hadi jioni.

Kikishaingia ndani ya seli, kirusi huvua ganda lake na kuacha maelekezo yasomwe. Ribosomu za seli ni kama fundi cherehani anayeshona mchoro wowote uliowekwa mbele yake bila kuuliza nani ameuleta: hutengeneza protini za kirusi kwa malighafi na nguvu za mmea. Baadhi ya protini hizo zinanakili maelekezo, nyingine zinakuwa maganda mapya, na nyingine zinazima kinga ya mmea. Nakala na maganda hukutana, na virusi vipya vinakuwa tayari kwa safari.

2. Uliza mlango.

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila kijana alibebe: kirusi hiki kimeingiaje? Virusi vya binadamu na wanyama hutafuta vipokezi juu ya utando wa seli. Chukueni mfano wa kwetu. Homa ya chikungunya ilielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953 kwenye nyanda za juu za Makonde, Newala, na jina lake limetoka katika Kimakonde. Kirusi chake huingizwa mwilini na mbu aina ya Aedes, hushika vipokezi vya seli, seli inakimeza ndani ya kifuko cha utando, na uchachu ndani ya kifuko hicho unazibadilisha umbo protini za juu ya kirusi hadi utando wake unaungana na ule wa kifuko. Hapo ndipo RNA yake inapomwagika ndani ya seli. Mama akiwauliza shambani kwa nini mnamwambia afunike mtungi wa maji, mwelezeni kwamba mbu huyo hutaga kwenye maji yaliyohifadhiwa nyumbani, na uwanda ule unajulikana kwa kuhifadhi maji kwa kuwa visima viko mbali.

Mmea hauna mlango wa namna hiyo. Kila seli yake imezungukwa na ukuta mgumu ambao kirusi hakiwezi kuupenya chenyewe, hivyo ni lazima kipite kwenye jeraha, kwenye mdomo wa mdudu anayefyonza, au kiwemo tayari ndani ya kipande kilichopandwa. Kikishaingia seli ya kwanza, hutumia vijia vyembamba vinavyounganisha seli na seli, navyo hupanuliwa na protini maalumu za kirusi zinazokisafirisha. Kikifika kwenye floemu, ile mishipa inayobeba sukari kutoka majani, husafiri na sukari hiyo kwenda inakokwenda, na katika muhogo sukari nyingi inakwenda mizizini. Kwa hiyo milango ya muhogo ni miwili tu: inzi mweupe, mdudu mdogo anayefyonza majani, na pingili. Mkiukumbuka mlango wa pili, mtaepuka yale niliyoyashiriki mimi.

3. Usichague pingili kwa kutazama kilele cha mmea.

Mwaka mmoja mahitaji ya mbegu yalikuwa makubwa, mvua zilikuwa zimeshaanza kunukia, na sisi tulikuwa na haraka. Tulipewa shamba moja la kuchukulia pingili. Tulipita mistari yake tukitazama juu: majani machanga yalikuwa ya kijani safi, hayana mikunjo wala mabaka ya manjano, na kila mmoja wetu alisema kwamba shamba halina batobato, mmoja wa magonjwa mawili ya virusi vya muhogo. Tulikuwa sahihi. Batobato hujionyesha wazi kwenye majani machanga, na pale haikuwepo. Tulikata, tukafunga matita, tukapakia, tukagawa vijiji kadhaa, na mimi ndiye niliyesaini kwamba mbegu ni safi.

Tuliyoisahau ni michirizi ya kahawia, ugonjwa wa pili wa virusi. Ugonjwa huu huonekana zaidi kwenye majani ya chini yaliyokomaa, kwa umanjano unaofuata mishipa ya jani, na tulikagua mwishoni mwa kiangazi, wakati muhogo ulikuwa umekwisha pukutisha majani yote ya chini. Dalili tulizopaswa kuziona zilikuwa zimelala chini, zimekauka, tunazikanyaga. Hakuna aliyetazama shina lenye kijani bado ili kutafuta mistari ya kahawia kwenye ngozi yake. Hakuna aliyeomba jembe ang'oe hata shina moja na kukata mizizi. Kwa kuwa kirusi husambaa na floemu mmea mzima, pingili kutoka shina lenye ugonjwa zilikuwa zimebeba maambukizi kabla hazijagusa ardhi ya mkulima, na hata kama inzi weupe wasingekuwepo kabisa, kazi ya kuueneza ugonjwa tulikuwa tumeimaliza sisi kwa gari la ofisi.

Muhogo uliota vizuri, na hapo ndipo ugonjwa huu unapokuwa mkatili. Shamba linaweza kupendeza macho hadi siku ya kuvuna. Nilikuwepo mama mmoja mtu mzima alipong'oa shina la kwanza mbele yangu. Muhogo ulikuwa mnene, ngozi yake haina kasoro. Aliuweka juu ya kisiki, akaumenya kidogo, kisha akaukata kwa kisu kupita katikati. Ndani, kwenye nyama nyeupe, palikuwa na madoa ya kahawia makavu, magumu kama kizibo, yametawanyika kutoka pembeni hadi karibu na moyo. Akakata tena mbele kidogo, yakawa zaidi. Akachukua wa pili, wa tatu, akipanga vipande kwenye ungo upande mzuri na upande mbaya, na upande mzuri haukujaa kiganja.

"Bwana shamba, mwanangu," aliniambia, "mbegu yangu ya zamani niliitupa kwa sababu ninyi mlileta hii."

Nilimjibu, "Ni kweli, mama," na sikuwa na la kuongeza. Makopa aliyotarajia kuanika kwa ajili ya miezi ya njaa hayakuwepo, na pingili za kupanda tena hazikuwepo, kwa kuwa za kwake zilikuwa na ugonjwa na za majirani zilitoka kwenye tita lile lile. Nilirudi kijijini hapo mara nyingi baadaye, tukang'oa, tukaanza upya na mbegu iliyopimwa, na yule mama alinipokea kwa heshima ambayo hadi leo naona ilinizidi. Ndiyo sababu nikimwona kijana anapita katikati ya mistari na kalamu mkononi, anaweka alama ya vyema kwa kutazama vilele, napaza sauti kuliko inavyostahili, na naomba mnivumilie.

Kabla ya kukata pingili, basi, fanyeni ukaguzi shamba likiwa bado na majani ya chini, tazameni shina, na wakati wa kuvuna ombeni ruhusa ya mwenye shamba mkate mizizi kila pembe ya shamba.

4. Kustahimili si kutokuwa na kirusi.

Kuna mbegu zinazostahimili, na Kiroba ni mfano ambao wengi wenu mtakutana nao: inaweza kuonyesha dalili kwenye majani huku mizizi yake ikiharibika kidogo. Mkulima anapata chakula, na hilo ni jambo kubwa. Lakini virusi vimo ndani yake, na inzi mweupe anayefyonza hapo anaweza kuvipeleka kwenye mbegu dhaifu ya jirani. Msimwambie mtu kwamba mbegu hiyo haiugui. Kituo cha utafiti cha Naliendele kimefanya kazi ya muhogo kwa miaka mingi. Waulizeni kuhusu mbegu husika kabla hamjaiandikia taarifa.

5. Inzi mweupe hana sheria moja.

Huyu Bemisia tabaci hubeba magonjwa yote mawili, lakini si kwa namna moja. Virusi vya batobato, ambavyo ni vya DNA na vina umbo la mapacha walioshikana, hupita ndani ya mwili wa inzi na kukaa humo kwa siku nyingi. Vile vya michirizi ya kahawia ni vya RNA, vina umbo la uzi mrefu, na inzi huvibeba kwa muda mfupi, hivyo havipeleki mbali. Ukikuta michirizi ya kahawia imeruka kutoka wilaya moja hadi nyingine, usimtafute inzi. Tafuta nani alisafirisha pingili.

6. Virusi vya RNA hubadilika haraka.

Kimeng'enya kinachonakili RNA hakina uwezo wa kusahihisha makosa yake kama kile kinachonakili DNA yetu. Makosa mengi hukiharibu kirusi chenyewe, lakini mojawapo linaweza kukifungulia njia. Turudi kwenye chikungunya: katika mlipuko wa kisiwa cha Réunion wa mwaka 2005 hadi 2006, badiliko la asidi amino moja tu kwenye protini ya juu ya kirusi lilikiwezesha kuenezwa vizuri zaidi na Aedes albopictus, mbu ambaye hapo awali hakuwa mbebaji wake mkuu. Kwenye muhogo nako, michirizi ya kahawia inasababishwa na virusi vya aina mbili zinazokaribiana, na kipimo au mbegu iliyofaa dhidi ya moja si lazima ifae dhidi ya nyingine.

7. Madogo madogo.

Hesabuni inzi weupe asubuhi na mapema, chini ya majani ya juu, kabla jua halijawachangamsha. Lebo ya sampuli iandikwe kwa penseli. Kwa kipimo cha michirizi ya kahawia chukueni jani lililokomaa, kwa kuwa kirusi hakisambai sawasawa, na jani changa linaweza kutoa jibu la uongo kwamba mmea ni mzima. Maabara ikiwaambia kipimo hiki kinahitaji hatua moja zaidi kuliko cha batobato, msishangae: RNA lazima igeuzwe kuwa DNA kwanza ndipo PCR, kipimo cha maabara kinachonakili DNA, iweze kuisoma. Na mkikuta mmea wenye dalili kwenye shamba la mbegu, ung'oeni mapema, siku hiyo hiyo, mkiwa na mwenye shamba, na muutoe shambani na mizizi yake yote, kwa sababu kisiki kikibaki kitachipua, na chipukizi lake litakuwa na kirusi kile kile.