Kolestro ya damu na ya ubongo ni vitu viwili

Dada, umeuliza kolestro ya kaka yako imepanda tangu aanze olanzapini, dawa ya ugonjwa wa akili, je na ubongoni imepanda? Si lazima, maana ile ya damu haivuki kuingia kwenye ubongo, ubongo unajitengenezea yake wenyewe. Na inahitajika sana huko, ndo inashikilia utando wa seli za neva, na vipokezi vya dopamini (kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo) vimekaa humo humo kwenye utando, kwa hiyo mafuta yakibadilika hata mawasiliano ya seli yanaguswa. Hizi dawa za kundi la olanzapini, nyingi kazi yake kubwa ni kuziba vipokezi vya D2, aina moja ya hivyo vya dopamini, ila wenzake haloperidoli na aripiprazoli zinabana pia kimeng'enya cha DHCR7 kinachomalizia kutengeneza kolestro, basi ile ambayo haijaiva inarundikana ndani ya seli. Olanzapini yenyewe shida yake kubwa ni njaa, mtu kala ugali saa mbili, saa nne usiku yuko jikoni anafunua sufuria, msimgombeze jamani ni dawa hiyo. Apimwe uzito, sukari na mafuta ya damu, mwambieni daktari, ila tafadhali asiache dawa ghafla.