Kwa mnaoanza kusoma ibada ya Kiyahudi: msimwache kuhani nyuma

Wanafunzi wapya hupenda sana Kumbukumbu la Torati 6:5, "mpende BWANA, Mungu wako, kwa moyo wako wote". Wakifika Mambo ya Walawi wanachoka: damu, mafuta, figo, majivu. Wanaona moyo umesahaulika. Mimi ningewashauri mwanzie hapo hapo kwenye damu.

Chukueni Walawi 7:18, inayokataza sadaka ya amani kuliwa siku ya tatu. Marabi, yaani walimu wa sheria ya Kiyahudi, waliusoma mstari huo kama sheria ya nia. Mtu akichinja, akikinga damu, akiipeleka madhabahuni au akiinyunyiza huku amekusudia nyama iliwe baada ya muda wake, sadaka imeharibika papo hapo, hata kama hakuna aliyeonja tonge. Mnyama hana dosari, mikono haijakosea, ila wazo limekwenda kombo. Ukishalielewa hilo, hutasema tena kwamba ibada ya Hekalu ilikuwa ya nje tu.

Bidii pekee nayo haikutosha. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, katika kitabu chake cha Yoma kinachohusu Siku ya Upatanisho, inasimulia makuhani waliokuwa wakishindana mbio kupanda madhabahuni ili wapate kuondoa majivu. Mmoja alisukumwa na mwenzake akavunjika mguu. Tangu hapo kazi hiyo ikagawiwa kwa kura ya bahati. Kuhani Mkuu naye, usiku wa kuamkia Siku ya Upatanisho, hakuachwa alale: akisinzia, makuhani vijana walimwalishia vidole na kumwambia asimame akanyage sakafu. Hakuna aliyetarajia umakini ujitokee wenyewe.

Hekalu likabomolewa mwaka 70. Talmud, kitabu kikubwa cha mijadala ya marabi juu ya Mishna, inauliza ni utumishi gani unaofanywa kwa moyo, na jibu ni sala. Kwa hiyo msishangae kukuta sala imewekewa masharti makali. Wachamungu wa zamani walitulia saa nzima kabla ya kuomba, ili waelekeze mioyo yao mbinguni. Aliyesimama kuomba asikatishe hata nyoka akijizungusha kisiginoni. (Nge ni habari nyingine: Talmud inaruhusu ukatishe. Mimi naipenda sana busara hiyo.)

Umakini huo huitwa kavana, na mwalimu wake mzuri kwa anayeanza ni Maimonides, rabi na mwanafalsafa aliyefariki Misri mwaka 1204. Katika sheria zake za sala anasema sala isiyo na kavana si sala, lakini pia aliyeelekeza moyo katika baraka ya kwanza ya Amida, sala kuu inayosaliwa kwa kusimama, halazimiki kurudia. Halafu katika "Mwongozo wa Waliotatizika", sehemu ya 3, sura ya 51, anatoa mazoezi yenyewe: ondoa kila wazo jingine unaposoma Shema (ungamo la "Sikia, Ee Israeli") na unapoomba, ukizoea hilo kwa miaka, ndipo uhamie kwenye usomaji wa Torati. Muda ukiwa mfupi, anzeni na sura hiyo pamoja na sura ya 4 ya sheria za sala. Yoma yote someni likizo, ni tamu.