Mkorea hana kosa, kosa ni hesabu zetu

Juzi kijana mmoja kaniandikia. Baada ya salamu akaenda moja kwa moja: “Kaka, kuna Hyundai Elantra inauzwa Chumbageni, bei yake haifiki nusu ya Premio. Kila ninayemwonyesha picha anacheka. Nichukue au niache?”

Nilisoma nikiwa dukani, nikatabasamu, halafu tabasamu likakata. Maana mimi nilichekwa nikiwa ndani ya Elantra yenyewe, imefungwa kamba nyuma ya lori la machungwa, mke wangu pembeni kavaa sare ya harusi. Kwa hiyo, mdogo wangu, jibu lako litakuwa refu kidogo. Vumilia.

Kabla sijafungua duka la nyavu na ndoano hapa Ngamiani, Tanga, nilikuwa dereva wa bwana mmoja mwenye Hyundai Sonata ya 2006, rangi ya fedha. Nilikuwa nimezoea Corolla, na Corolla sina ugomvi nayo. Lakini ile Sonata! Mlango ukiufunga unaitikia kwa mlio mzito, kama kifuniko cha sanduku la mninga. Tanga hadi Dar es Salaam ni kilomita 350 hivi. Tunaondoka baada ya swala ya alfajiri, tunafika mjini mgongo haujui kama umesafiri, bosi kalala kiti cha nyuma anakoroma. Siku aliyoiuza nilienda kuiosha mara ya mwisho na nikachukua muda mrefu kuliko kawaida. Sioni haya kusema.

Watu wa kijiweni wakianza na “Wakorea wamejifunza juzi”, huwa nawaacha wamalize kahawa kwanza. Kisha nawasimulia. Chung Ju-yung, mwanzilishi wa Hyundai, alikuwa mtoto wa mkulima, akatoroka kwao na hela ya ng’ombe wa baba yake. Mwaka 1940 alikuwa na gereji ya kutengeneza magari mjini Seoul. Kampuni ya magari kaianzisha 1967, na gari lao wenyewe la kwanza, Pony, likaanza kutoka kiwandani 1975: umbo kachora Mwitaliano Giorgetto Giugiaro, injini ya Mitsubishi. Sawa, walikuwa wanaazima. Lakini miaka ya 2000 Mitsubishi hao hao, pamoja na Chrysler, walikaa na Hyundai kuunda injini ya pamoja, na usanifu wa msingi ulikuwa wa Hyundai. Injini ya ukoo huo ndiyo iliyokuwa chini ya boneti ya Sonata ya bosi wangu. Na yule mzee Chung, kwa sababu ya ng’ombe mmoja tu wa baba yake, mwaka 1998 aliwapelekea watu wa Korea Kaskazini ng’ombe 1,001 kwa safari mbili. Hapo huwa nanyamaza kidogo, kijiwe kitulie.

Basi na mimi nikapata hela yangu, nikanunua Elantra ya 2005, injini ya lita mbili. Korea wanapita upande wa kulia wa barabara na usukani uko kushoto, kwa hiyo hili langu la usukani wa kulia liliundwa kwa ajili ya Uingereza, likatumika huko, ndipo likaja kwetu. Hapo Uingereza pashike vizuri. Dalali akanionyesha dashibodi: 58,000. “Gari mbichi hili, mzee.” Nilikuwa nimeshasoma kwamba mkanda wa taimingi wa injini hiyo, ule unaofanya valvu na pistoni zipishane bila kugongana, unabadilishwa kwenye kilomita 90,000 hivi, nikapiga hesabu kichwani: bado sana. Nikalipa.

Dalili ya kwanza ilikuja wiki ya pili. Nakatiza kwenye makazi ya watu karibu na Muheza, mshale uko kwenye 50, natembea taratibu kama nabeba mayai. Trafiki akanisimamisha: kilomita 80 kwa saa. Nikabisha. Nikaapa. Nikamwita aje aone mwenyewe. Akainama dirishani, akatazama, kisha akanitazama mimi kwa huruma. “Mzee wangu, hizi ni maili.” Kweli, namba kubwa za nje zilikuwa za maili, za kilomita zimejibanza kwa ndani, ndogo kama punje za mtama. Nikalipa 30,000 yangu, nikaondoka najicheka.

Ujinga wenyewe ni huu: nilijua sasa kwamba mshale unasoma maili, lakini sikujiuliza zile tarakimu zilizo chini yake zinahesabu nini. Zile 58,000 zilikuwa maili. Ni zaidi ya kilomita 93,000. Mkanda ulikuwa umeshapitiliza tangu siku dalali ananisifia ubichi wa gari. Nami nikaliendesha hivyo hivyo mwaka na nusu.

Harusi ilikuwa Korogwe, upande wa mke wangu. Sisi tulitangulia. Tumeipita Muheza, Segera hatujafika, redio inapiga taarabu, mara injini ikazima kama mtu aliyekatwa kauli. Hakuna moshi, hakuna kugonga. Nikageuza ufunguo: starta inazunguka haraka haraka, nyepesi, kama cherehani isiyo na nguo. Ule mlio siusahau.

Lori la machungwa lililokuwa linarudi Muheza tupu likakubali kutuvuta. Tunafungwa kamba, msafara wa harusi ndio unafika. Shemeji yangu akapunguza mwendo na IST yake, akashusha kioo, akasema wakwe wote wakisikia: “Shemeji, hili gari ni la Tanga kweli, waja leo waondoka leo. Tena kwa kamba!” Kicheko kilichotoka pale, hata wapagazi wa lori walicheka. Mke wangu aliitwa ahamie gari la shangazi zake, akagoma. Akafunga mlango, akakaa na mimi, mkoba mapajani. Hakusema neno mpaka Muheza, na mimi sikusema.

Silinda hedi ilipofunguliwa, kati ya valvu 16 zilikuwa zimepinda 11. Mkanda ulikuwa umekatika, na injini hiyo mkanda ukikatika, pistoni zinakutana na valvu, habari imekwisha. Fundi akatikisa kichwa: “Haya magari ya Kikorea ndivyo yalivyo.” Nikanyamaza, maana ningesema nini? Kwamba nimeshindwa kusoma dashibodi?

Miezi ile miwili ya gereji nairuka, haina utamu. Ila jambo moja. Gaskiti ya hedi ilikosekana Tanga nzima, nikaipata Gerezani, Dar, na boksi lake limeandikwa Kia Cerato. Fundi akaikataa: “Ya gari jingine hii.” Nikamwomba aiweke tu juu ya bloku tuone. Ikakaa tundu kwa tundu. Hyundai iliichukua Kia mwaka 1998, na Elantra ya umri ule na Cerato ya lita mbili injini yao ni moja. Kwa hiyo ukiambiwa spea hakuna, uliza ya Kia. Na usiende mikono mitupu, nenda na namba ya chesisi. Hyundai iliyoundwa Korea kwenyewe inaanza na KMH.

La pili ni oili ya giaboksi ya otomatiki. Haya magari ya miaka ile yanataka SP-III. Fundi atakuletea ile anayoweka kwenye Toyota, atakuambia zote nyekundu, zote sawa. Hata togwa na maji ya ukwaju rangi zinakaribiana. Mkatalie. Akinuna, anune.

Na la tatu ni mkanda. Na la nne ni mkanda pia. Umenunua leo, badilisha leo, usisikilize cha dalali wala cha dashibodi. Jamani, tumezidi kufuata mkumbo. Mtu analiweka Mkorea kwa fundi aliyekariri gari moja maisha yake yote, analinyima mkanda, analinywesha oili ya jirani, likifa anasema Wakorea hawajui magari. Nani hajui hapo? Mtu akikucheka, mwulize tu injini ya gari lake ina mkanda wa taimingi au cheni, uone kama anajua. Mimi sasa niko maili 96,000 na ushei. Kwenye dashibodi kuna kikaratasi, mwandiko wa mke wangu: MAILI.

Elantra hiyo ya Chumbageni nichukulie picha ya namba ya chesisi na picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa. Ijumaa baada ya swala nipo, tutakwenda pamoja. Usitoe hata kishika uchumba kabla sijaichungulia.

Shemeji naye kaniandikia mwezi uliopita. Anatafuta Sonata, anauliza kama namjua mtu. Ujumbe nimeuona. Sijajibu.