Maswali ya Wasomaji: Watroya Walinaswaje na Farasi wa Mbao?

SWALI: Watroya, watu wa mji wa Troya, waliwazuia Wagiriki kwa miaka 10. Iweje watu wenye akili timamu wakokote sanamu la farasi la adui hadi ndani ya boma lao, tena bila hata kulitoboa waone kilichomo?

JIBU: Kwa sababu pamoja na sanamu waliachiwa shahidi. Wasimuliaji wengi humkuza farasi na kumsahau Sinon, Mgiriki aliyeachwa nyuma, ilhali bila mtu huyo mbao zile zingeishia kuchomwa moto ufukoni.

Wagiriki walichoma vibanda vyao, wakatweka matanga, wakaondoka. Hawakufika mbali. Walijibanza nyuma ya kisiwa cha Tenedos, ambacho siku hizi ni Bozcaada ya Uturuki, mahali pa karibu kiasi cha kuweza kurudi usiku huohuo. Ufukoni walimwacha farasi aliyeundwa na fundi Epeius kwa msaada wa Athena, akiwa na maandishi kwamba ni shukrani kwa mungu huyo wa kike kwa ajili ya safari ya kurudi nyumbani. Tumboni mlikuwa na askari: Virgil, mshairi wa Roma, anataja majina 9, mshairi wa Kigiriki Quintus wa Smyrna anataja 30, na Apollodorus, mwandishi mwingine wa Kigiriki, anasema walikuwa 50.

Sinon alijiacha akamatwe. Alidai kwamba Odysseus, mmoja wa wakuu wa Wagiriki, alimchukia, na kwamba Wagiriki walikuwa wamemteua awe kafara ili wapate upepo, akatoroka na kujificha kinamasini. Uongo huo aliuchanganya na habari iliyokwisha kuwafikia Watroya, ya Mgiriki Palamedes kuuawa kwa fitina za Odysseus. Mfalme Priam wa Troya akamhurumia, akaamuru afunguliwe kamba, ndipo akamuuliza farasi ni wa nini.

Jibu lake ndilo lililouangusha mji. Farasi, alisema, ni fidia kwa Athena, aliyekasirika baada ya sanamu yake iitwayo Palladium kuibwa Troya. Wizi huo ulikuwa wa kweli. Odysseus na Mgiriki mwenzake Diomedes ndio walioufanya. Kisha Sinon akaendelea: Mkimdhuru farasi, mtaangamia. Mkimwingiza mjini, ninyi ndio mtakaokwenda kuzishambulia kuta za Wagiriki. Ndiyo maana wamemjenga mkubwa, asipite langoni. Yapime maneno hayo moja moja. Onyo la kwanza linawalinda waliomo tumboni wasitobolewe. Ahadi inawatia Watroya hamu ya kumwingiza. Na ule ukubwa unawafanya wabomoe ukuta kwa mikono yao wenyewe, ukuta ambao jeshi zima lilishindwa kuuvunja.

Kuhani Laocoon alikwisha kumrushia farasi mkuki kabla Sinon hajaletwa, na ubavu ukavuma kama kitu chenye uwazi ndani. Alishuku hila, na alikuwa sahihi kabisa. Lakini Sinon alipokwisha kusema, nyoka wawili walitokea baharini upande wa Tenedos, wakamuua Laocoon pamoja na wanawe wawili. Watu wakaona ameadhibiwa kwa kosa la mkuki ule. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kutoboa kitu.

SWALI: Je, hila hiyo haikukaribia kufichuka?

JIBU: Zaidi ya mara moja. Virgil anaeleza kwamba farasi alikwama mara 4 kizingitini, na kila mara silaha zililia tumboni. Wavutaji hawakujali, wakaendelea kuvuta. Cassandra, binti wa mfalme, alionya, lakini alikuwa amelaaniwa asiaminiwe. Hatari kubwa kuliko zote ilikuwa Helen, mwanamke wa Kigiriki ambaye vita vilipiganwa kwa ajili yake. Alimzunguka farasi mara 3, akiwaita Wagiriki mmoja mmoja kwa kuigiza sauti za wake zao. Anticlus, mmoja wa waliokuwa tumboni, alitaka kuitika. Odysseus akamziba kinywa kwa viganja mpaka Helen akaondoka. Hata kushuka kulikuwa na hasara: kwa masimulizi ya Apollodorus, Echion aliruka badala ya kutumia kamba, akafa. Wenzake waliteremka kwa kamba, wakafungua malango, na merikebu zikarudi kwa kufuata moto ambao Sinon aliuwasha juu ya kaburi la Achilles, shujaa wa Wagiriki.

SWALI: Nimesoma Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita hivi, yote sikumwona farasi. Nimeruka wapi?

JIBU: Hujaruka. Iliad inaishia kwenye mazishi ya Hector, shujaa wa Watroya, kabla ya mji kuanguka. Farasi yumo katika Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, wimbo wa 4, wa 8 na wa 11, na kwa urefu zaidi katika kitabu cha 2 cha Aeneid ya Virgil, kilichoandikwa kwa Kilatini. Anza na ule wimbo wa 8, sehemu yenyewe ni mistari michache. Humo Sinon hatajwi, na Watroya wanamkokota farasi hadi ngomeni kwanza, kisha ndipo wanabishana: wampasue, wamtupe gengeni, au wamwache awe sadaka kwa miungu.