Tairi la asubuhi 32, la mchana 37: nani kaongeza upepo?

SWALI: Mwalimu habari za siku. Asubuhi gari likiwa limelala nilipima upepo wa tairi nikakuta 32, nikaendesha kama masaa mawili hivi barabara kuu, nikapima tena nakuta inagonga 37. Hakuna mtu kaongeza kitu. Nipunguze? Na huo uliozidi umetoka wapi?

JIBU: Salama kaka. Usipunguze, acha hivyo hivyo. Upepo ni ule ule wa asubuhi, hakuna kilichoingia, ila sasa una fujo. Hewa ni molekuli, vichembe vidogo mno ambavyo hata hapo ulipokaa vinakimbia kwa kasi ya karibu mita 500 kwa sekunde na kugongana na kila kilicho mbele, sasa ukivipasha joto vinakimbia zaidi, vinapiga ukuta wa tairi kwa nguvu zaidi na mara nyingi zaidi, na kwa kuwa tairi halitanuki kihivyo basi kinachopanda ni presha.

Hesabu yake wengi wanaikosea. Joto la gesi huwa linahesabiwa kuanzia nyuzi 273 chini ya sifuri, kwa hiyo hewa ya nyuzi 20 tunaiita 293, na ikifika 50 ni 323, yani imeongezeka asilimia 10 tu. Mtu anachukua 32 anaongeza asilimia 10 anapata 35, anasema mbona geji yangu imeharibika? Haijaharibika, geji inakuonyesha kile kilichozidi presha ya hewa ya nje, na hiyo ya nje peke yake ni kama 15. Jumlisha kwanza, 47, ongeza asilimia 10 inakuja karibu 52, alafu toa ile 15. Hiyo hapo 37 yako. Ukipunguza sasa hivi, kesho tairi likipoa litakuwa chini ya 32, na tairi lenye upepo mdogo linajikunja sana likitembea na linapata moto kuliko kawaida, umejitafutia tatizo lile lile ulilokuwa unalikimbia.

SWALI: Nilijaza tanki la petroli mpaka shingoni, gari likakaa juani, nikakuta mafuta yanachuruzika chini. Tanki limetoboka?

JIBU: Inawezekana halijatoboka kabisa dada. Petroli inatanuka karibu sehemu 1 kati ya 1,000 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo lita 40 zikipanda nyuzi 15 zinadai nafasi ya zaidi ya nusu lita ambayo hukuziachia. Likiendelea kuchuruzika wakati tanki liko nusu, hapo muone fundi haraka, petroli sio ya kuchezea. Kitu cha kuvutia ni kwamba gesi zina utaratibu mmoja, mwanasayansi Gay-Lussac wa Ufaransa alionyesha mwaka 1802 kwamba zinatanuka karibu sawasawa zote, ila vimiminika kila kimoja na tabia zake. Maji ndo kichekesho kabisa, ukiyapasha kutoka nyuzi 0 mpaka 4 yanasinyaa, baada ya hapo ndo yanaanza kutanuka.

SWALI: Oili ya injini ikiwa baridi nzito kama asali, ikipata moto inakimbia kama maji. Mdogo wangu anasema hewa nayo ni hivyo hivyo, inakuwa nyepesi ikipashwa. Tumebishana mpaka usiku, tusaidie.

JIBU: Mmebishana kwa sababu neno "nyepesi" linabeba vitu viwili. Kama ni uzito, mdogo wako yuko sawa, hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi ya ujazo ule ule, ndo ilipaisha puto la ndugu wawili wa kina Montgolfier kule Ufaransa mwaka 1783. Ila kama mnaongelea ule mnato, yani kitu kinavyokataa kutiririka, hapo amepotea maana hewa inakwenda kinyume na oili. Maji ukiyatoa nyuzi 20 ukayapeleka 80 mnato unabaki karibu theluthi moja, hewa kwa safari hiyo hiyo mnato wake UNAPANDA kama asilimia 15.

Najua inakera. Kwenye oili molekuli zimeshikana mikono, joto linazitikisa mikono inaachia ndo maana inateleza. Kwenye gesi hakuna aliyemshika mwenzake. Chukulia misururu miwili ya watu wanakimbia sambamba, mmoja mbio mmoja polepole, alafu watu wanarukia huku na kule, anayetoka kwenye mbio akiingia kwa wa polepole anawasukuma, na wa polepole akiingia kwenye mbio anawachelewesha. Huko kuvurugana ndo mnato wa gesi, na ukiongeza joto wanarukiana kwa kasi zaidi. Mwambie mdogo wako nusu kapata.

SWALI: Vile vipovu vinavyong'ang'ania pembeni ya sufuria mapema, maji yanakuwa yameshachemka?

JIBU: Bado sana. Ile ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji, na maji yakipata joto yanashindwa kuibeba. Maji ya nyuzi 0 yanaweza kushika miligramu 14 na ushee za oksijeni kwa lita, yakifika 30 hazizidi 8, ndo maana samaki kwenye maji ya moto wanakuja juu kuhema. Kuchemka kwenyewe ni pale vipovu vinapozaliwa chini na kupanda mpaka juu bila kupotea njiani, hivyo ni mvuke mtupu, na lita 1 ya maji ikigeuka mvuke wote inakuwa karibu lita 1,700. Kwa hiyo chombo kilichofungwa mfuniko ukabana kabisa, kisicho na pa kupumulia, usikiweke motoni hata kama maji yaliyomo ni ya kikombe.